Plafo ya Sambusa

Nianze kwa kudai haki yangu, maana hapa Bunia ukinyamaza wanakunyang'anya hata kivuli chako. Wazo la kukunja kingo za plake, yale mabamba ya dari, lilitoka kwenye karai langu la sambusa. Mama Pétronille mwenyewe anakubali, ila anakubali kwa sauti ndogo, tena mbele ya watu wasionunua plake. Basi mimi Valérie, muuza sambusa wa njia ya Mudzipela, nitasimulia kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo mume wangu anasema inafika mpaka sokoni.

Pétronille ni Mnande. Alikuja kutoka Butembo na mumewe, fundi wa plafo, yaani dari, miaka ile risasi ziliponyamaza na watu wakaanza tena kupaka nyumba zao rangi. Plafo ni kitu cha amani. Mtu anayelala mguu mmoja nje hana haja nayo, bati linamtosha. Halafu magari meupe ya wanajeshi wa kigeni yakajaa barabarani, redio ikatuambia kwamba tumetulia, na sisi tukatulia kwa namna yetu: tairi la lori likipasuka, kila mtu sokoni anatazama kwanza kama amevaa viatu. Hata hivyo watu walianza kuagiza plafo, na mumewe Pétronille akapata kazi.

Kisha akafa. Alikufa kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani, na Pétronille alilitaja jambo hilo kama sifa ya marehemu. Alimwachia meza ya kumwagia jasi, msumeno, na ufundi ambao Pétronille alikuwa ameuiba kwa macho bila mwenye nao kujua. Shemeji yake, Vahwere, akatuma neno kutoka Butembo: arudi, kuna chumba nyuma ya nyumba, atamsaidia mke wake jikoni. Pétronille alimfahamu huyo mke. Akafunga sanduku lake kwa adabu, akaliweka nyuma ya mlango, na hakwenda popote. Nguo zake zote zilikaa humo. Kila asubuhi alitoa gauni moja, na jioni akalikunja akalirudisha, kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Kazi ikiharibika alilitazama lile sanduku, nami nikilitazama nilikasirika, kwa sababu jirani mwenye ulimi wa kunijibu si rahisi kumpata.

Chumbani mwake hapa Bunia hamkuwa na plafo. Mvua ikinyesha tuliongea kwa ishara chini ya bati. Mfinyanzi hulia gaeni.

Sasa nieleze plake. Unatandika karatasi mezani, unamwaga uji wa jasi, unafunika na karatasi ya pili, unasubiri vikauke viwe bamba moja jeupe ndani, la kahawia nje. Karatasi alizipata kwa waashi: mfuko wa simenti una matabaka, na la ndani kabisa, ukilipangusa, ni safi na gumu. Tumbo la plake zake halikuwa na shida. Shida ilikuwa kandokando. Akishakata kwa msumeno, kingo zilibaki uchi, jasi tupu, na jasi tupu humeguka kama mkate wa juzi. Pikipiki ikipeleka plake kwa mteja, pembe zilifika zimekuwa unga. Fundi akikaza skurubu karibu na ukingo, skurubu ilitoka na kipande chake. Mapengo yaliyobaki katikati ya plake mbili aliyaziba kwa mkono, na juu ya vichwa vya watu yakabaki matuta kama ya viazi.

Aliyefurahia hayo alikuwa Vital, seremala wa plafo za triplex, mtu mwenye tumbo la heshima na mbuzi asiye na heshima hata kidogo. Triplex ni mbao, haimeguki. Vital alipita kwa Pétronille kila mara kumpa pole, na pole zake zilikuwa zinasikika mtaa mzima.

Siku moja Pétronille alikuja kununua sambusa, lakini hakula. Alisimama akaniangalia mikono mpaka nikaona haya.

"Mama Valérie, weye unafanyaka namna gani, nyama haitokake?"

"Ninakunja," nikamwambia. "Ninapaka uji ya unga, ninafunga. Na pahali ya kukunja, unga inapashwa kuwa mwembamba. Ukiacha munene, inafanya nundu."

Akaondoka na sambusa mkononi, ikiwa nzima, mpaka leo sijui kama aliila.

Kesho yake karatasi yake ya chini ilikuwa pana kuliko plake. Alimwaga jasi, akainua pande za karatasi, akazikunja kuja ndani juu ya jasi mbichi, akapaka uji wa unga wa muhogo kwenye mikunjo, ndipo akalaza karatasi ya juu. Ukingo ukavaa nguo. Na kwa ile habari ya nundu, alipigilia ufito mwembamba mezani, chini ya karatasi, pale ambapo ukingo ungelala. Plake ikatoka na tumbo nene na kingo nyembamba kidogo, hivyo plake mbili zikikutana kunakuwa na bonde dogo la kuziba, ukipitisha kiganja husikii kitu. Pembe zilimsumbua, karatasi ilijikunja mara mbili ikavimba, mpaka alipozipunguza kwa mkasi jinsi ninavyopunguza mimi. Nasema tena: jinsi ninavyopunguza mimi.

Akaiangusha plake kwa makusudi kwenye mawe ya uani. Ikalia, haikumeguka. Tulicheka kama wasichana.

Asubuhi iliyofuata tulikuta mbuzi wa Vital amekula ukingo mzima wa plake mbili, karatasi, uji na vyote, na bado analamba midomo. Ukipaka ugali kwenye dari, mwenye njaa atakuja. Vital hakuomba radhi, alikwenda sokoni.

"Hiyo haiko plafo, iko sambusa," akawa anawaambia watu. "Leo ni mbuzi. Kesho ni panya. Utalala usiku, panya inakula kando, plake inakuangukia ku kichwa."

Jina likashika, Plafo ya Sambusa. Watoto walimwimbia Pétronille njiani, na wateja wawili wakahamia triplex. Nilimkuta amekaa juu ya lile sanduku. Mimi nilisema kwa niaba yetu wote wawili, mengine hayaandikiki.

Dawa yake ilikuwa ya Kinande kabisa: usimfukuze mwizi, mpikie. Alinunua pilipili zile ndogo kali, akazitwanga, akazichemsha ndani ya uji wa muhogo. Mtaa mzima ulikohoa. Alikunja plake macho yakimtiririka, akaiacha uani pale pale, na mbuzi wa Vital akaja kwa miguu yake. Alilamba mara moja. Akasimama akifikiri. Kisha akapiga chafya, akapiga tena, akaondoka akipiga chafya mpaka kwao, na tangu siku ile alipita mbali na uzio wetu. Hata panya niliyemfungia na kipande cha plake ndani ya kopo alikaa upande wa pili, amenikasirikia.

Habari za mbuzi kupiga chafya zilienea kuliko za mbuzi kula, na ndizo zilizomleta Mama Brigitte.

Brigitte na mumewe, Papa Nicolas, ni Wahema wa hapa hapa tangu zamani, watu wa ng'ombe, na nyumba yao ilikuwa na sebule kubwa isiyo na plafo tangu ile ya zamani iporwe vitani, mbao kwa mbao. Binti yao Ornella alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mahagi. Wakwe wangekuja kwa mahari, na Brigitte hakutaka wakwe watazame bati. Papa Nicolas naye alikuwa mkuu wa kamati ya amani ya mtaa. Yeye ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba akituambia tufungue mizigo yetu, tuache kulala na mabunda karibu na mlango, kwa kuwa anayefunga mzigo anaita vita. Mtu kama huyo akikosa plafo, nani ataamini amani yake?

Pétronille aliniambia wazi, "Hii ikishika, ninabaki Bunia. Ikianguka mbele ya bale batu yote, ninakamata sanduku, ninaenda kuosha sahani ya muke wa Vahwere." Hakuwa anatania. Sebule ile ingeonwa na kila mtu mwenye nyumba, kuanzia paroko mpaka wenye maduka, na Vital alikuwa amealikwa pia, kama jirani.

Akaiweka plafo, akaipaka chokaa. Ilikuwa nyeupe, tambarare, viungo havionekani hata ukitafuta kwa ubaya, nami nilitafuta. Kwenye korido aliacha tundu dogo lenye kifuniko, la fundi kupandia. Ornella aliingia, akatazama juu, akazunguka, akazunguka, mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

Halafu mambo madogo yakaanza. Nilipopeleka sambusa za majaribio kwa ajili ya sherehe, nilisikia harufu ya samaki mkavu sebuleni, na jikoni hakukuwa na samaki. Paka wa nyumba alikuwa amekaa katikati ya zulia, kichwa juu, anaitazama plafo kama anasali. Vital, aliyekuja kuazima kitu asichokihitaji, alimwona paka yule akafurahi sana.

"Paka haiangaliake bure," akasema. "Panya ilishaingia mu sambusa."

Asubuhi ya mahari Brigitte mwenyewe alikuja mbio kwa Pétronille, nywele nusu zimesukwa.

"Mama Pétro, plafo yako iko nalia. Tena iko natoa tumbo."

Tulikwenda. Kweli, plake ya katikati, juu ya meza ya maua ya plastiki, ilikuwa imelegea kidogo, kama godoro la gesti. Pétronille akaitazama muda mrefu, kisha akavua viatu.

"Minapanda juu niangalie."

"Hapana," Brigitte akasema haraka mno. "Juu kuko vumbi mingi. Weye ongeza tu visi kwa chini."

"Mama, mi njo niliweka hii plafo. Vumbi yake ninaijua."

"Acha, mama. Wageni wako mu njia."

Akasimama mbele ya kile kifuniko cha korido, mikono kiunoni, mama mwenye ng'ombe na sauti. Pétronille akaongeza skurubu kwenye kingo, kama alivyoambiwa, na alipotoka nje uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufika Butembo. Nilitaka kumrudia Brigitte nimwulize anaficha nini. Pétronille akanizuia kwa mkono.

Wakwe wakafika na lori kutoka Mahagi, wakiongozwa na mjomba wa bwana harusi, Mzee Augustin, mrefu, kofia mkononi. Walisalimiana mpaka tukachoka. Wanawake tulijipanga ukutani, Vital akachagua kiti cha kuonea, na Pétronille akabaki mlangoni, hakuingia wala hakutoka. Alitazama juu tu.

Yaliyofuata, ningekuwa mtunzi nisingethubutu kuyapanga hivi, lakini watu zaidi ya hamsini wapo, waulizwe. Papa Nicolas alisimama kutoa hotuba. Akawashukuru wakwe. Akamshukuru Mungu. Kisha akaingia kwenye wimbo wake.

"Siye batu ya Bunia tulisharudisha roho chini," akasema. "Mu hii nyumba, hakuna mutu anafunga tena muzigo. Mwenye kufunga muzigo..."

Plafo ikasema pa, kavu, na ikafunguka. Kwanza lilishuka vumbi jeupe, kisha bunda kubwa la kitenge likatua juu ya maua ya plastiki, likapasuka, na samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani, wakatawanyika hadi miguuni mwa wakwe. Tulikuwa bado tunavuta pumzi pale liliposhuka sanduku la kijani la chuma, ambalo liligonga meza, likafunguka na kulala ubavu. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa meza ya katikati huwa haikaliwi na mtu. Paka ndiye wa kwanza kurudiwa na akili.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachokuangukia ki darini mwako.

Vital akainuka, hakuweza kujizuia. "Nilisema," akasema. "Nilisema panya."

Pétronille alikuwa amekwisha kuvuka sebule. Hakutazama samaki wala sanduku. Alivuta kiti cha Vital, kile kile alichokuwa amekikalia, akapanda, akatia kidole kwenye lile shimo na kukizungusha pande zote nne. Plake ilikuwa imepasuka tumboni. Kingo zake zilikuwa bado ziko mahali pake, zimevaa karatasi zao, skurubu zote zimekaza, hakuna hata moja iliyotoka, zinaning'inia juu yetu kama fremu ya picha.

"Kando zinashika," akasema. Kisha akachungulia chini, akaokota kwa macho kiatu cheusi cha mwanamume kilichotoka kwenye bunda. "Papa Vital, hii panya yako inavaaka viatu?"

Sebule ilipasuka kwa kicheko kuliko plafo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wawili tu hawakucheka, na walikuwa Brigitte na mumewe.

Maana bunda lilikuwa la Brigitte. Alilisukuma ndani ya tundu la korido kwa mti, gizani, mara tu plafo ilipokauka. Ndani mlikuwa na sufuria, samaki, viatu vya Papa Nicolas, na dawa zake za presha zimefungwa vizuri ndani ya soksi. Lakini lile sanduku la kijani Brigitte hakulijua. Alilipigia magoti, akatoa kitenge chake cha arusi, alichokuwa akikitafuta tangu Pasaka, na picha za ubatizo za watoto, na kiberiti. Mkuu wa kamati ya amani naye alikuwa na mti wake wa kusukumia. Kila mmoja alificha usalama wa mwenzake juu ya plake ile ile, bila kuambiana.

"Weye pia?" Brigitte akauliza polepole.

"Weye pia," akajibu Papa Nicolas, na akakaa.

Kicheko kilikwisha. Nilisikia machozi yakinijia, na nilikasirika kuyasikia, kwa sababu nilikumbuka bunda langu mwenyewe lilipo, na halikuhusu mtu. Nilipotazama wenzangu ukutani, kila mmoja alikuwa anatazama sakafu.

Mzee Augustin ndiye aliyetuokoa. Alijiinamia, akamwokota samaki mmoja, akamfuta vumbi.

"Muzigo ya kwetu kule Mahagi pia iko mu plafo," akasema taratibu. "Siye tuko na triplex. Sasa ninaogopa." Akamgeukia Papa Nicolas. "Muzee mwenzangu, nilikuja kutafuta muke mu nyumba yenye kupendana. Sasa mutupe chakula."

Ornella akaolewa. Papa Nicolas bado ni mkuu wa kamati, ila hotuba zake zimekuwa fupi na watu wanazisikiliza zaidi. Na Pétronille alipata wateja, wakija mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wakizungumza kwanza habari za mvua. Mwishoni kila mmoja aliuliza kama kuna plake inayoweza kubeba kitu kidogo, si kitu, mfuko tu. Pétronille hakumwuliza mtu mfuko gani. Alianza kutandaza nyuzi za katani ndani ya jasi ili tumbo liwe na nguvu. Kingo hakuzigusa. Hata Vital alikuja, na aliagiza kwa ajili ya binamu yake, binamu ambaye hatujawahi kumwona.

Mwishowe aliweka plafo kwake. Nilikwenda kuikagua, kama mwenye wazo. Nilipoingia nikaona magauni yake yote yametundikwa kwenye misumari ukutani, ya kanisani, ya kazini, na lile la njano ambalo sikujua analo. Nyuma ya mlango palikuwa patupu. Yeye alikuwa juu ya kiti, jasho linamtoka, anasukuma lile sanduku la Butembo ndani ya tundu kwa bega.

"Mama Pétro, si ulisema unabaki?"

"Ninabaki."

"Sasa sanduku iko naenda wapi? Tena iko na uzito ya nini?"

"Niliijaza mawe," akasema. Akalisukuma mara ya mwisho, likakwaruza juu yetu hadi katikati ya chumba, likatulia. "Shemeji Vahwere anakuja mwisho ya juma hii kunikamata, anirudishe Butembo. Nilimutengenezea kitanda muzuri, pale chini."

Nilitazama kitanda. Kisha nikatazama plafo, nyeupe, tambarare, haina nundu hata moja. Nikamwuliza kama itashika.

Akashuka, akafuta mikono kwenye gauni.

"Kando zitashika," akasema. "Katikati, sijue."